Kaka alijihamishia nyumba ya Mama kwa hati ya uwakilishi: je, inaweza kurudi?

Swali: Habari, Wakili. Mama yetu ana miaka 78 na anaishi Buruburu, katika nyumba aliyoinunua mwenyewe akiwa mwalimu. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Akiwa bado wodini, kaka yangu mkubwa alimletea hati ya uwakilishi atie sahihi ili aweze kumlipia bili, kukusanya kodi ya vyumba viwili vya nyuma na kufuatilia mambo ya kaunti. Sote tulijua na tulikubali. Mwezi uliopita walikuja watu wawili kuangalia nyumba, wakasema wameambiwa inauzwa. Nilifanya sachi kwenye rejista ya ardhi nikakuta iko kwa jina la kaka tangu 2023. Nilipomuuliza alisema Mama alimpa mamlaka yote mbele ya wakili, na hakuna wa kumfanya lolote. Mama anataka nyumba yake, lakini hataki mwanawe afungwe. Kuna siku anasahau mambo, na kuna siku yuko sawa kabisa. Wajomba wanasema tukae kikao kwanza. Tufanye nini?

Jibu: Dada yangu, pole wewe na Mama. Nianze na hilo neno la kaka yako, maana naona ndilo lililowafunga mikono. Si kweli kwamba hakuna wa kumgusa. Hati ya uwakilishi humpa mtu ruhusa ya kutenda kwa niaba ya mwenye mali na kwa faida ya mwenye mali. Ukimwachia kijana funguo ili amfungulie fundi mlango, hujampa nyumba. Mwakilishi ana wajibu wa uaminifu: hawezi kujinufaisha kwa mali aliyokabidhiwa, isipokuwa mwenye mali amemruhusu waziwazi huku akielewa anachoruhusu.

Mahakama huzisoma hati hizi kwa kubana. Kama imeandikwa kusimamia nyumba na kukusanya kodi, huwezi kuivuta hadi ifike kuuza. Na hata kama neno kuuza limo, kuuza ni kutafuta mnunuzi, kupokea bei na kumkabidhi Mama pesa zake. Kujipa nyumba bure hakumo. Kwa hivyo hata ikithibitika kwamba sahihi ni ya Mama kweli, kaka bado ana mengi ya kujibu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wale watu wawili waliokuja kuangalia nyumba. Maadamu nyumba iko kwa jina la kaka, mgogoro ni wa mama na mwanawe. Ikishahamia kwa mtu wa tatu, au ikiwekwa rehani benki, mnakuwa na watu wapya wa kushindana nao, na kila mmoja atakuja na risiti zake. Wajomba wana nia njema, nami ninaamini vikao vya familia huokoa mengi. Lakini kikao kikiahirishwa Jumapili hii na ile, uhamisho unaweza kusajiliwa katikati. Wekeni zuio kwanza, kisha mketi.

Zuio ninalolisema linawekwa kwa Msajili wa Ardhi chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 71. Likishaandikwa kwenye rejista, Msajili hatasajili uuzaji wala rehani bila ridhaa ya aliyeliweka, mpaka litakapoondolewa. Linaambatana na hati ya kiapo inayoeleza sababu. Na hapa sikiliza vizuri: anayefaa kuapa ni Mama, si wewe. Nyumba aliinunua yeye, na mtoto hana haki ya umiliki juu ya mali ya mzazi aliye hai kwa sababu tu ni mtoto. Nimeona watoto wenye uchungu wa haki wakikimbilia kuweka zuio kwa majina yao, mwenye hatimiliki akamwandikia Msajili kuomba liondolewe, nao wakashindwa kueleza maslahi yao ni yapi. Tena sheria inaruhusu anayeweka zuio bila sababu ya maana adaiwe fidia. Mama hana shida hiyo. Yeye anaweza kusema: nyumba ni yangu, imesajiliwa kwa jina la mwakilishi wangu bila idhini yangu, anaishikilia kwa niaba yangu.

Siku hizohizo Mama aivunje ile hati. Mwenye kuitoa anaweza kuivunja wakati wowote, isipokuwa ile iliyotolewa kama dhamana ya haki ambayo mwakilishi aliilipia, na sioni dalili ya hilo hapa. Wakili wenu ataandaa hati ya kuivunja, Mama atie sahihi, isajiliwe, na nakala zipelekwe kwa kaka, kwa wapangaji wa vyumba vya nyuma na kwa benki ya Mama. Kuivunja hakufuti uhamisho wa 2023, ila kunamfungia kaka asitumie karatasi hiyohiyo tena, mathalani kwenye akaunti ya Mama au shamba la nyumbani kama lipo.

Lakini kabla hajatia sahihi hiyo, mpelekeni kwa daktari. Umesema kuna siku anasahau. Jambo la kwanza wakili wa kaka atakalouliza ni iwapo mzee huyu alielewa alichotia sahihi alipoivunja hati, au ni ninyi mabinti mlimshika mkono. Ripoti ya daktari wa wazee au wa akili, iliyoandikwa siku hiyo au siku chache kabla, ikisema anajitambua, anaijua mali yake na anaelewa athari ya anachofanya, inalijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Wakili naye azungumze na Mama peke yake, ninyi mkiwa nje ya chumba, na aandike alichoambiwa. Najua kumtoa binti nje kunaudhi. Ni kwa ajili ya Mama.

Daktari akisema hana tena uwezo wa kuamua, njia inabadilika. Kwanza, hati ya uwakilishi ya kawaida hapa Kenya haiendelei kuishi baada ya mwenye kuitoa kupoteza akili timamu. Inakoma, kama inavyokoma akifariki. Kama alikuwa amefikia hapo kabla ya uhamisho wa 2023, kaka alitumia karatasi iliyokwisha kufa. Pili, mtahitaji kwenda Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili ili ateuliwe mtu wa kusimamia mali yake, na mtu huyo ndiye atakayedai kwa niaba yake. Kwa maelezo yako sidhani Mama amefika huko. Kusahau alikoweka miwani si sawa na kutojua nyumba ni yake.

Wakati haya yanaendelea, Mama asitoke katika nyumba hiyo. Hata kwa ile safari ya kwenda kupumzika ushago kwa wiki mbili. Hata kaka akijitolea kumhamishia mahali pazuri zaidi. Kuishi humo ni sehemu kubwa ya nguvu yake, na nitaeleza kwa nini. Akiletewa notisi ya kuondoka, aipokee na kuipeleka kwa wakili: marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2016 yanataka anayedaiwa kukaa kwenye ardhi ya mtu binafsi bila haki apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, naye anaweza kwenda mahakamani kuipinga. Na asitie sahihi karatasi nyingine yoyote ya familia, hata ikiitwa kumbukumbu za kikao. Karatasi moja inayosema anaridhia alichofanya mwanawe inaweza kubadilisha kila kitu.

Sasa tuje kwenye faili, maana kesi hizi hushindwa au kushinda kwa karatasi. Matokeo ya sachi uliyofanya yanakuonyesha jina la mwenye nyumba na rehani zilizopo, basi. Mwambie wakili aombe Ardhi House, yaani ofisi kuu za ardhi Nairobi, nakala zilizothibitishwa za fomu ya uhamisho na viambatisho vyake vyote, pamoja na hati ya uwakilishi kama ilivyosajiliwa. Wakikataa, mahakama itaamuru zitolewe.

Zikifika, zitandaze mezani. Kwenye fomu ya uhamisho tazama pande mbili za sahihi, wa anayetoa na wa anayepokea. Ukikuta kaka ametia sahihi upande wa Mama kama mwakilishi wake, kisha akatia sahihi tena upande wa mpokeaji, na picha yake ya pasipoti imebandikwa hapo, utakuwa na ushahidi wa mtu aliyejadiliana na nafsi yake. Tazama bei. Mara nyingi hapo huandikwa zawadi kwa sababu ya upendo. Nani alikuwa akitoa upendo huo? Mama hakuwepo. Kama bei imeandikwa, ziko wapi pesa? Taarifa za benki na M-Pesa za Mama za mwaka ule zitasema. Mthamini wa serikali huthamini nyumba ili ushuru wa stempu ukadiriwe, nao kwa Nairobi ni asilimia 4 ya thamani, hivyo kuna kumbukumbu za KRA, mamlaka ya mapato, zinazoonyesha nani alilipa na lini. Kuna pia cheti cha kaunti kwamba nyumba haidaiwi, na kama ardhi ni ya kukodi kwa miaka 99, kibali cha kuhamisha. Kila kimoja kina tarehe na jina la aliyeomba.

Halafu isome hati ya uwakilishi yenyewe pole pole. Kifungu cha 48 cha sheria ile ya 2012 kinahusu kuingizwa kwa hati ya namna hii kwenye rejista yake maalum inapobeba mamlaka ya kuhamisha ardhi. Linganisha tarehe. Hati iliyotiwa sahihi 2021 wodini kisha ikasajiliwa 2023, siku chache kabla ya uhamisho, inaonyesha mpango ulioiva baadaye. Angalia kama Mama aliweka herufi za jina lake kwenye kila ukurasa au alitia sahihi wa mwisho tu. Angalia kama mwandiko wa mashine ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kama matundu ya pini yanalingana. Ni ujanja wa zamani: mzee anatia sahihi ukurasa wa mwisho akijua ni wa kukusanya kodi, kisha kurasa za mbele zinabadilishwa. Muulize Mama, bila kumwekea maneno mdomoni, karatasi ilikuwa na kurasa ngapi, nani aliisoma, kwa lugha gani, na nani alikuwa chumbani.

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Wakili aliyegonga muhuri alithibitisha kwamba Mama alifika mbele yake. Kama Mama alikuwa amelazwa, wakili huyo alikwenda hospitalini? Kitabu cha wageni na rekodi za wauguzi za siku ile zitasaidia, na pia zitaonyesha alikuwa amepewa dawa gani za maumivu na saa ngapi. Mtu aliyetoka upasuaji juzi, anayemtegemea mwanawe kwa bili ya hospitali, hayuko katika nafasi ya kukataa karatasi anayoletewa kitandani, na mahakama inalijua hilo. Kuna kanuni nzima ya sheria kuhusu ushawishi usiofaa. Ikibainika wakili hakuwahi kumwona Mama, mna haki ya kumlalamikia kwa tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya mawakili. Nasema hivi nikiwa wakili. Muhuri wetu ndio ngao pekee aliyonayo mzee kama huyu, na anayeugonga bila kuangalia uso wa mtu anashiriki dhuluma.

Kuhusu hatimiliki aliyonayo kaka: kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo ya usajili wa ardhi kinasema cheti ni ushahidi kwamba aliyetajwa ndiye mwenye mali, ila kinaweza kupingwa kwa udanganyifu alioshiriki yeye mwenyewe, au kama kilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njama ya ufisadi. Kifungu cha 80 kinaipa mahakama uwezo wa kurekebisha rejista na kufuta usajili uliopatikana kwa udanganyifu au makosa. Kifungu hicho kinamlinda mwenye cheti anayeishi kwenye mali na aliyeilipia thamani yake bila kujua hila yoyote. Mpime kaka kwa kipimo hicho. Haishi humo. Kama ilikuwa zawadi, hakulipa. Na kama kulikuwa na hila, mwenye kuifanya ni yeye. Ndiyo sababu nimesema Mama asihame.

Kama tayari kuna mnunuzi au benki, msikate tamaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema kwamba kushika hatimiliki hakutoshi kama mzizi wake ni mbovu, na mnunuzi anatakiwa kuchunguza hatimiliki hiyo ilitoka wapi. Kesi ile ilihusu ardhi iliyokuwa ya umma, lakini hoja ya mzizi inatumika kwingi. Mnunuzi anayeikuta nyumba na bibi wa miaka 78 anaishi ndani, asiulize ni nani, ana kazi ngumu ya kujiita asiye na habari. Benki iliyokopesha kwa nia njema ni mpinzani mzito zaidi, na italazimu iunganishwe kwenye kesi.

Kesi yenyewe inafunguliwa kwa jina la Mama, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Milimani, au kwa hakimu aliyeidhinishwa kusikiliza mambo ya ardhi kama thamani haizidi shilingi milioni 20, ambayo ndiyo mipaka ya hakimu mkuu. Pamoja na madai, wakili aweke ombi la dharura la kuzuia nyumba isiuzwe mpaka kesi iishe. Mama atahitaji kuonyesha kwamba ana hoja ya maana, na kwamba hasara atakayopata haifidiki kwa pesa. Nyumba aliyoilipia kwa mshahara wa ualimu, na anayoishi uzeeni, haihitaji maelezo marefu. Kama ada ni tatizo, Kituo cha Sheria na FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, husaidia watu wa namna yake, na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Sasa lile la moyoni mwa Mama. Kuirudisha nyumba na kumfunga mtu ni safari mbili tofauti. Kesi ya madai haihitaji taarifa ya polisi, na ikifaulu nyumba inarudi bila kaka kukanyaga seli. Mkienda kwa kitengo cha ulaghai wa ardhi cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, uamuzi haubaki tena mikononi mwa Mama. Kesi inakuwa ya Jamhuri, na akitaka kuiondoa atamwomba Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye naye anahitaji ruhusa ya mahakama. Adhabu si ndogo: kifungu cha 350 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka hadi kifungo cha maisha kwa anayeghushi hati ya umiliki wa ardhi au hati ya uwakilishi. Kama kurasa zilibadilishwa au sahihi ni ya kuiga, mtaalamu wa maandishi wa DCI anaweza kuhitajika, na hapo nitawashauri mripoti. Kama karatasi ni halali na kosa ni kuitumia vibaya, ningeanza na mahakama ya ardhi na kuheshimu alichosema Mama. Ila mwelezeni ukweli wote wa adhabu aamue mwenyewe. Asifanyiwe uamuzi tena na watoto wake.

Zuio likishakaa, nendeni kwenye kikao cha wajomba, na mwende na nakala za faili. Kaka akikubali kurudisha, msiridhike na ahadi ya mdomo wala barua ya makubaliano iliyoandikwa sebuleni. Fungueni kesi, kisha pande zote ziweke makubaliano mahakamani, na mahakama iamuru usajili wa 2023 ufutwe na jina la Mama lirudi. Kumrudishia kwa uhamisho mpya kunaweza kuleta ushuru wa stempu kwa mara ya pili, na kunaacha kwenye rejista picha kwamba kaka aliwahi kuwa mwenye nyumba halali. Kama kuna deni la kweli, mathalani alilipa bili ya hospitali kwa pesa zake, lizungumzwe hapohapo kwa risiti. Ni haki yake kulipwa. Bili hailipwi kwa nyumba.

Jambo la mwisho, nalo ni la umri. Kesi za ardhi huchukua muda, na Mama ni shahidi mkuu. Mwombeni wakili, mara tu kesi ikifunguliwa, apeleke ombi la Mama kutoa ushahidi wake mapema, maana kanuni za mashauri ya madai zinaruhusu shahidi kusikilizwa kabla ya zamu yake kukiwa na sababu ya kutosha. Achaguliwe saa ambayo mmeona kwamba akili yake iko safi zaidi. Na ikitokea Mungu amemwita kabla ya hukumu, kesi haifi naye: anayepata barua za usimamizi wa mirathi anaomba kuchukua nafasi yake ndani ya mwaka mmoja. Kwa sasa anza na daktari na hati ya kiapo ya zuio. Beba kitambulisho cha Mama, nambari yake ya PIN ya KRA, matokeo ya sachi, na risiti zozote za zamani za ununuzi wa nyumba ambazo bado anazo.